Dagaa wa Ziwa Victoria: wa mezani au wa kuku?

Masika yakikaza kwenye mialo ya Mwanza na Musoma, yaani fukwe zinapotia nanga mitumbwi ya uvuvi, dagaa walioanikwa mchangani hulowa, hukatika vichwa na kuanza kunuka. Kwa wakati huo, anayewataka ni mnunuzi wa viwanda vya chakula cha kuku tu. Ndiyo maana nasita kuwaunga mkono wanaotaka biashara hiyo ipigwe marufuku.

Hoja yao ni nzito. Dagaa huliwa mzima, kichwa na mifupa, hivyo humpa mtoto madini ya chuma, kalisi na vitamini A kuliko minofu mitupu ya sangara. Tena sangara wengi husafirishwa nje. Dagaa ndiye kitoweo cha mwenye kipato kidogo. Kumsaga alishwe kuku, kisha mtu huyohuyo auziwe yai, ni kupoteza lishe njiani.

Upande wa pili hujibu kwamba dagaa ni wengi, wanazaa upesi, na wameongezeka sana tangu furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, waadimike miaka ya 1980 sangara walipoenea. Ni kweli. Lakini wingi wa majini haufiki sahanini wenyewe.

Kwangu mimi, mambo yote huamuliwa pale wanapoanikwa. Usiku wa giza wavuvi huwavuta kwa taa, na asubuhi mitumbwi hufika karibu kwa pamoja. Mzigo wote unataka jua la siku hiyohiyo. Mchanga ni bure. Kichanja cha miti na wavu kina gharama, ila dagaa wake ni safi, hukauka haraka na hupata bei kwa wafanyabiashara wanaowapeleka hadi Kongo. Mnunuzi wa chakula cha mifugo naye hachagui sana, wenye mchanga na wasio nao huwapima kwa kilo. Mama aliyehangaika na kichanja anauza kwake sawa na aliyemwaga chini, na hapo ndipo hamu ya kuanika vizuri inapokufa.

Basi walioharibika waende kwa kuku, na sehemu ya ushuru unaokusanywa mwaloni irudi kujenga vichanja vyenye paa. Marufuku ikitangulia, wa kwanza kuumia ni huyo mama. Kiwanda kitahamia kwenye soya, mashudu ya alizeti au funza wa kufugwa. Yeye atabaki na ndoo za dagaa waliooza na deni la aliyemkopesha mtaji.