Korona ni ya nani?

Kwenye baraza za kahawa hapa Ngamiani, Tanga, ubishi wa ujamaa na ubepari hauishi. Huyu anasema Azimio la Arusha ndilo lililoua mkonge wetu, yule anasema ni ubinafsishaji. Mimi sikubaliani na yeyote kati yao: swali langu ni nani mwenye korona, yaani kiwanda cha kukamua majani ya mkonge.

Mwaka 1964 nchi hii ilizalisha takriban tani 230,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge, na hadi leo haijafika tena hapo. Katikati ya miaka hiyo ya 1960, kabla Azimio halijatangazwa, bei ya dunia ilishaanza kuporomoka, na kamba za plastiki zikaja kuimalizia. Serikali ilipotaifisha mashamba mengi baada ya 1967, ilirithi biashara inayokwenda kombo, kisha ikaiharibu zaidi: vipuri hakuna, fedha za kigeni hakuna, mkonge mpya haupandwi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mashamba yakarudi kwa watu binafsi. Mavuno hayakufika hata tani 30,000.

Sasa tazama Brazili. Bei zilikuwa zilezile na plastiki ileile, lakini ilitupita ikawa ya kwanza duniani. Kule Bahia mkonge ni wa wakulima wadogo kwa sehemu kubwa, na mashine ya kukamulia ni ndogo, inahamishwa kutoka shamba hadi shamba. (Mashine hiyo imewakata watu wengi mikono, kwa hiyo asije mtu akaniambia nimewasifia tu.)

Kwetu korona ni jengo zima, lenye maji, reli za troli na kamba za kuanikia. Jani likishakatwa halingoji. Likikaa siku mbili tatu linaanza kukauka na singa inaharibika. Na katika uzito wote wa jani, singa ni kama asilimia 4 tu, hivyo kulisafirisha mbali ni kubeba maji. Mkulima wa Korogwe mwenye heka zake tano hana ujanja: anapeleka korona iliyo jirani, kwa zamu atakayopangiwa, kwa makato atakayoambiwa. Aliyekuwa na korona ndiye aliyekuwa na mkonge, awe Mjerumani, Mgiriki, shirika la umma au kampuni.

Ndiyo maana majina ya mifumo hayanitishi tena. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima linaishia hapa Chongoleani. Wenye hisa ni TotalEnergies ya Ufaransa kwa asilimia 62, mashirika ya umma ya Uganda na Tanzania asilimia 15 kila moja, na CNOOC, kampuni ya serikali ya China, asilimia 8. Huo ni mfumo gani? Mtaalamu wa baraza na anijibu.

Ninachotaka mimi ni korona za wakulima wenyewe, kwa mkopo wa benki ya umma wenye masharti nafuu. Najua nitaambiwa ushirika uliliwa na viongozi wake. Kweli, uliliwa, na wazee wetu wana stakabadhi ambazo hazikulipwa mpaka leo. Basi uzito wa singa na kila makato vibandikwe ukutani pale pale koronani, kila wiki, kwa maandishi makubwa, na katibu asiyebandika aondolewe kwa kura ya wanachama bila kungoja mkutano mkuu.