GPS ikivurugwa, uwanja mbadala utakusaidia nini?

Mwishoni mwa Aprili 2024, ndege mbili za Finnair zilizokuwa zikielekea Tartu, Estonia, zililazimika kurudi Helsinki. Mawimbi ya GPS yalikuwa yamevurugwa, na utaratibu wa kutua pale ulitegemea setilaiti. Shirika likasitisha safari hizo kwa mwezi mzima, hadi ulipoandaliwa utaratibu usiohitaji GPS.

Kwa kuchora njia, setilaiti hazina mshindani. VOR, mtambo wa redio wa ardhini, humpa rubani mwelekeo tu, na kosa la digrii moja ukiwa maili 60 za baharini kutoka kwenye mtambo linakutupa maili nzima pembeni. GPS hukosea mita chache, iwe juu ya nchi kavu au katikati ya bahari ambako VOR haifiki. Ndege hailazimiki kurukia mtambo hadi mtambo, hivyo mafuta yanaokolewa. NDB, mtambo mwingine wa redio wa ardhini, siitetei kabisa: sindano yake huyumba usiku na karibu na radi.

Tatizo ni namna GPS inavyofeli. Mawimbi husafiri zaidi ya kilomita 20,000 na kufika yakiwa hafifu mno, kiasi kwamba mtambo mdogo ulio karibu huyafunika. Yakikatika, afadhali, maana rubani anajua. Yakighushiwa, ramani huonyesha ndege mahali isipokuwepo, na hata mfumo wa kuonya kuhusu milima unaweza kudanganyika. VOR moja ikizimika unahamia nyingine. GPS ikivurugwa, kila ndege ya eneo hilo huguswa kwa pamoja.

Wanaotaka mitambo ya ardhini ing'olewe wana hoja, kwani kuitunza ni ghali. Hata hivyo Marekani, inayoipunguza, imeamua kubakiza VOR za kutosha ili ndege iliyopoteza GPS ipate, ndani ya maili 100 za baharini, uwanja wa kutua kwa ILS (mfumo wa redio wa uwanjani unaoiongoza ndege hadi kwenye njia ya kutua) au VOR.

Hapo ndipo mipango mingi ya safari inapolegea. Uwanja mbadala, ule wa kutua pale uendako pakishindikana, huchaguliwa kwa hali ya hewa na mafuta, basi. Kama uendako na mbadala wake vyote vina utaratibu wa setilaiti pekee, tena ni majirani, uvurugaji mmoja unavifunga vyote viwili. Kubeba mafuta ya kufika uwanja wa mbali wenye ILS ni mzigo, lakini NOTAM (tangazo rasmi kwa marubani) ikishataja uvurugaji njiani, ningeyabeba bila kubishana. Kukiwa shwari, ningepanga kwa GPS na kuandika masafa ya redio ya VOR pembeni ya kila kituo.