Kambi ya likizo: mtoto anapenda nini lisiwe swali la kwanza

Likizo ya Agosti ikikaribia, wazazi wengi wa Nairobi huchagua kambi kwa kigezo kimoja: mtoto anapenda nini? Anayeng'ang'ania kompyuta ya baba anapelekwa kujifunza kuandika programu. Anayepiga mpira uani anatafutiwa kocha. Kambi ya kawaida ya mahema, kupika kwa kuni na kutembea msituni, kama zile ambazo skauti wamefanya miaka mingi pale Rowallan, kambi yao ya Nairobi, imeanza kuonekana kuwa ya mtoto ambaye wazazi wake hawajagundua kipaji chake. Naona tunaidhulumu.

Wanaotetea kambi maalumu, zile za jambo moja tu, wana hoja, tena si ndogo. Yupo mtoto anayependa sataranji na shuleni kwao hana hata mmoja wa kucheza naye. Siku tano kati ya wenzake wanaoupenda mchezo huo zinaweza kumpa marafiki wa miaka. Yupo anayetamani fidla na kwao hakuna fidla wala anayejua kuishika. Mzazi hawezi kuunda hayo sebuleni. Kisha kuna mtaala. Tangu kundi la kwanza la CBC, mtaala wa umilisi, liingie Gredi ya 10 Januari 2026, kila mzazi anajua kwamba mwanawe atafuata mmoja wa mikondo mitatu: STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Anayehofia kuchelewa hana kosa.

Shida ni kwamba mkondo huchaguliwa mtoto akiwa Gredi ya 9, ilhali hofu yake imeshuka hadi kwa watoto wa miaka saba. Na kwa umri huo, kukitwaa kile anachokipenda na kukifanya somo lenye ratiba, mkufunzi, maonyesho ya siku ya mwisho na cheti kunaweza kukiua.

Wanasaikolojia Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha mwaka 1973 utafiti waliofanya katika shule ya chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford, California, Marekani. Waliwachukua watoto 51 ambao tayari walipenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi la kwanza liliahidiwa cheti chenye nyota na utepe iwapo wangechora. Kundi la pili halikuahidiwa kitu, ila lilipewa cheti hicho ghafla baada ya kuchora. La tatu halikupewa chochote. Wiki moja hadi mbili baadaye, kalamu ziliwekwa darasani wakati wa kucheza, kila mtoto akiwa huru kufanya atakalo. Waliopewa cheti bila kutarajia walitumia takriban asilimia 18 ya muda wao kuchora, na wasiopewa kitu takriban 17. Wale walioahidiwa walitumia chini ya asilimia 9.

Tuitazame tena tarakimu hiyo ya mwisho. Hawakukatazwa kuchora, hawakukemewa, hawakushindwa. Walichora, wakasifiwa, wakapata walichoahidiwa. Na hamu yao ikabaki nusu ya ile ya wenzao. Hata michoro waliyochora wakikisubiri cheti ilipimwa ikaonekana hafifu kuliko ya wengine. Kilichokuwa mchezo wao kiligeuka kazi yenye ujira, na ujira ulipoisha hawakuona sababu ya kuendelea.

Watoto 51 wa California hawatoshi kuamulia kila familia ya Kenya, na wataalamu wamebishana juu ya zawadi kwa miongo mingi tangu hapo. Hata skauti wana beji, na mtu atauliza tofauti iko wapi. Tofauti naiona katika mahali pa kuanzia. Watoto wa Stanford waliumizwa katika kile walichokuwa wakikipenda tayari. Mtoto asiyewahi kufunga kamba ya hema hana penzi la kamba la kupoteza. Beji ikimvuta ajaribu, pengine ataligundua. Kambi maalumu huingiza mkono wake pale pale penzi lilipo.

Tena, mtoto atapendaje asichowahi kukiona? Mwaka 2018 Paul O'Keefe, Carol Dweck na Gregory Walton walionyesha kwamba wanafunzi wa chuo wanaoamini kuwa mtu huzaliwa na mapenzi yake, kazi yake ni kuyagundua tu, walipoa haraka zaidi walipokutana na ugumu katika jambo jipya lililowavutia. Mtoto anayeambiwa tangu utotoni kwamba yeye ni wa kompyuta anafundishwa imani hiyo hiyo. Siku hesabu za programu zitakapomkalia ngumu, atadhani hakuwa wa kompyuta kamwe.

Kwa hiyo, kwa mtoto wa chini ya miaka 12 hivi, ningeanza na kambi mseto, ile ya kawaida ya mahema, na mpira au kompyuta yake ningemwachia aendelee navyo nyumbani bila kusimamiwa. Usalama hauna mjadala: nani analala na watoto, nani anawatibu, nani ana simu usiku. Na ukiona ratiba imejaa hisabati na sayansi za muhula ujao, hiyo ni tuisheni ya likizo, ambayo kifungu cha 37 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kimeikataza.

Wa Gredi ya 8 au 9 ni habari nyingine. Akiomba mwenyewe kambi ya roboti, na amekuwa akiomba hata kabla hajaona tangazo, apelekwe. Waulize tu waandaaji ni saa ngapi kwa siku mtoto anaruhusiwa kutengeneza kitu alichokibuni mwenyewe, kisichopewa alama wala kuonyeshwa wazazi Ijumaa.