Toyota Rush ipimwe pale inapoendeshwa

Anayetafuta gari dogo la juu kwa matumizi ya kila siku jijini Dar es Salaam huambiwa mapema aachane na Toyota Rush. Sababu zinazotolewa hazibadiliki: inakula mafuta kuliko injini nyingine za ukubwa wake, ni ngumu ikipita kwenye mashimo, inalia sana ikikimbizwa barabara kuu, na kwa kuongeza fedha kidogo mtu anaweza kupata Honda Vezel ya haibridi (inayotumia petroli na umeme) yenye utulivu ndani na umbo la kisasa. Hakuna la uongo katika hayo. Ila yote yamepimwa kwenye lami, na wengi wanaolihitaji gari la aina hii ni watu waliojenga mahali ambapo lami huishia kilomita kadhaa kabla ya geti la nyumbani.

Tuanze na mafuta, kwa kuwa ndilo lalamiko linalouma zaidi. Rush ninayoizungumzia ni ile iliyotengenezwa kwa soko la Japani kuanzia 2006 hadi 2016, yenye injini ya cc 1495, nguvu za farasi 109 na gia boksi ya otomatiki yenye gia 4 tu. Bodi yake ni ndefu kwenda juu na inapambana na upepo, na ile ya fowili huzungusha magurudumu yote manne muda wote. Tuseme mjini inakwenda kilomita 10 kwa lita moja, na haibridi inakwenda 16. Mtu anayeendesha kilomita 40 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, atatumia lita 104 kwa Rush na lita 65 kwa haibridi. Tofauti ni lita 39, ambazo tukikadiria bei ya shilingi 3,000 kwa lita ni shilingi 117,000 kila mwezi, yaani zaidi ya milioni 1.4 kwa mwaka. Kwa familia ya kipato cha kati hiyo ni fedha nzito, na anayekaa Kijitonyama na kufanya kazi Posta hana sababu ya kuilipa.

Lakini tumpeleke mtu huyo Goba au Madale, pembezoni mwa jiji, ambako barabara kubwa zina lami na mitaa mingi ya ndani bado ni udongo, mchanga na miinuko mikali. Hapa ndipo umbile la Rush linapoeleweka. Injini yake imekaa kwa urefu wa gari na nguvu inakwenda nyuma (kwa fowili, mbele pia), tofauti na magari mengi madogo ya siku hizi ambayo injini imelazwa kwa upana na magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta. Gari linapopanda mlima, uzito wake huhamia nyuma. Gari linalovutwa kwa mbele hupungukiwa na uzito kwenye magurudumu yale yale linayoyategemea, na ndiyo maana asubuhi ya masika unaliona likisaga matope palepale, huku dereva akizidisha mafuta na tairi zikizidi kuchimba. Rush inayopanda kilima hicho hicho inaongezewa uzito pale inapouhitaji. Iwapo ni fowili, dereva ana kitufe cha kufunga difu ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, ili ekseli ya mbele na ya nyuma zizunguke pamoja hata kama mojawapo imekosa mshiko. Hilo ni jambo ambalo wanunuzi wengi hawajaelezwa, nami naliona kuwa kubwa kuliko mengine yote, kwa sababu gari lisilofika nyumbani mwezi Aprili halijamwokolea mwenyewe chochote kwenye mafuta.

Mpangilio huo wa injini una faida nyingine. Pembeni mwa injini inabaki nafasi ya magurudumu ya mbele kukata kona kali, hivyo Rush hugeuka ndani ya nusu kipenyo cha mita 4.9. Kwenye kichochoro chenye ukuta huku na mtaro kule, kipimo hicho ndicho kinachoamua kama utageuka mara moja au utakwenda mbele na nyuma huku bodaboda zikikupigia honi. Chini kuna uwazi wa milimita 200 hivi, na kwa kuwa pua yake ni fupi, bampa halikwanguliwi gari linapotoka kwenye korongo.

Kwa fundi pia hesabu hubadilika. Injini inatumia cheni badala ya mkanda wa kuendesha vali, spea zake nyingi zinaingiliana na za Daihatsu Terios na Toyota Avanza ya zamani, na gia boksi yake ni ya kizamani kwa maana nzuri: mafundi wa mitaani wanaijua. Vezel ya haibridi inatumia gia boksi ya klachi mbili, na Honda yenyewe ililazimika mwaka 2014 kuwaita wamiliki nchini Japani ili programu yake irekebishwe. Kasoro hizo zilishughulikiwa, lakini gia boksi ya namna hiyo bado inahitaji fundi mwenye kompyuta na ujuzi, na kuipandisha kilima taratibu kwenye foleni ni kuitesa.

Upande wa nafasi, Rush haina la kujivunia sana. Abiria wa nyuma wanakaa vizuri, ila buti ni dogo. Mifuko ya saruji itakulazimu ulaze viti. Mlango wa nyuma hufunguka kwa pembeni ukiwa umebeba tairi ya akiba, kwa hiyo usiegeshe karibu na ukuta. Na anayekwenda Dodoma kila wiki atachoshwa na kelele na mtikisiko. Huyo atafute Toyota Vanguard au gari lingine refu.

Kufunga difu ya katikati ni sifa ya fowili tu, na si kila Rush iliyoko sokoni inayo. Ile isiyo nayo ni nyepesi kidogo na bado hupanda vizuri, lakini kwenye tope zito haitafanya maajabu. Kitazame kile kitufe cha difu kwenye dashibodi kabla ya kuamini maneno ya muuzaji. Halafu ingia chini ya gari. Fowili nyingi zilitumika maeneo ya theluji nchini Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, na chumvi hiyo hula chuma taratibu. Gari linaweza kung'aa juu, likasoma kilomita chache, na huku mirija ya breki na maungio ya ekseli yamekwishaliwa na kutu. Kwa gari ambalo la mwisho wake lilitoka kiwandani 2016, hali ya chini ina uzito kuliko namba iliyoandikwa kwenye dashibodi.