Beji ya Mkubwa wa Chumba

Nilipokuwa mwanafunzi wa mazoezi katika chumba cha eksirei hapa Unguja, mkubwa wetu alikuwa na beji ya kupimia mionzi kama sisi sote, lakini yake ilitundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango tangu asubuhi mpaka tunafunga. Kila baada ya miezi mitatu beji zilikusanywa zikapelekwa kusomwa, na majibu yake yakarudi mazuri kuliko ya wote, kwa sababu kilichokuwa kikipimwa ni mlango. Haukupita muda mrefu, na zetu nazo zikawa msumarini.

Semina tulikuwa tumehudhuria. Tulijua kwamba kiwango cha mwisho kwa mfanyakazi ni wastani wa milisivati 20 (kipimo cha mionzi inayoupata mwili) kwa mwaka na kwa mwananchi wa kawaida ni 1, na kwamba ukisogea kutoka mita moja hadi mbili mionzi inayokufikia hubaki robo. Lakini moto humfundisha mtoto kwa kumuunguza papo hapo, ilhali mionzi haionekani, hainuki wala haiumi, na madhara yake huweza kujitokeza baada ya miaka mingi. Kwa hiyo kijana hana cha kumwonya ila mwenendo wa aliyemtangulia. Akimwona mkubwa wake anaingia bila aproni, lile vazi zito la kukinga mionzi, kumshika mtoto anayelia, badala ya kumvisha aproni jamaa wa mtoto huyo asiye mjamzito ili amshike yeye, atafanya hivyo hivyo kila siku.

Aproni yenyewe ni somo. Niliwahi kuipiga eksirei aproni moja iliyozoea kukunjwa na kutupwa kitini: kwa nje ilikuwa nzima, lakini ndani madini ya risasi yanayozuia mionzi yalikuwa na ufa mwembamba kama unywele, umekatiza kifuani. Tangu siku hiyo naitundika mwenyewe, mbele ya wanafunzi, hata nikiwa na haraka.

Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania hukagua vituo mpaka huku visiwani, na ni jambo jema. Hata hivyo, ukaguzi ni wa siku moja, na mwanafunzi yumo chumbani siku zote. Ningependa kila mkubwa wa chumba ampe mwanafunzi wake ruhusa ya kumwambia mbele ya watu, “Maalim, beji,” na picha isipigwe mpaka Maalim ameivaa.