Eti Mimi Ndiye Niliyezima Taa Dar

Shemeji kapiga simu kutoka Dar. Hata salamu hakuna: "Nyie watu wa Mbarali mtatukaushia mto mpaka lini? Umeme umekatika tena huku!"

Mimi! Mwenye jaruba moja la mpunga mkiani mwa mfereji, ambako maji yakifika huwa yameshachoka, yanatafuta pa kulala.

Nikamwambia, shemeji, tuliza boli. mto Ruaha Mkuu ukipita huku bonde la Usangu unaingia kinamasi cha Ihefu, na Ihefu ni bahili: mpaka ijae, maji yapande kizingiti cha mwamba kule Ng'iriama, ndipo yatoke. Yakitoka yanapita Hifadhi ya Ruaha, yanakwenda kukaa bwawa la Mtera, kisha yanashuka Kidatu kwenye mitambo ya umeme ya megawati 204. Sasa Mtera inajazwa na mafuriko ya masika. Mimi nagombania tone la Oktoba. Tone la Oktoba linawasha taa ya nani?

Kakata simu. Atasema chaji iliisha.

Zamani mwenye kosa alikuwa ng'ombe. Mwaka 2006 wafugaji wakaanza kuhamishwa, wengine wakaelekezwa Lindi huko. Mto, uliokuwa umeshazoea kukauka kiangazi tangu miaka ya 1990, wala haukushtuka. Ikabidi atafutwe mtuhumiwa mwingine, nami nilikuwa karibu.

Hata kiboko ana nafuu. Mto ukikatika, wanabanana kwenye dimbwi moja, wageni wanawapiga picha na machozi yanawalengalenga. Sisi wa mkiani tunabanana kwenye mfereji mkavu, anayetupiga picha hayupo. Labda sura zetu.

Na hawa wa juu ya mfereji sasa! Wanafungulia mapema ili wavune wakati bei ya mpunga bado tamu. Ukiuliza, unaambiwa kuna zamu. Yangu ni Alhamisi. Alhamisi nashika jembe, nakunja suruali mpaka magotini, nasimama. Yanakuja majani, inakuja chupa tupu, anakuja chura mmoja anaulizia njia. Maji hamna. Usiku ndiyo unayasikia yakicheka kwenye majaruba ya watu ambao zamu yao haijulikani ni lini.

Jumamosi chama cha watumia maji tuna kikao. Ajenda ya kwanza: jembe la mwenyekiti limepotea pale banioni, kwenye lango la maji ya mfereji, saa nane za usiku. Jembe lilifuata nini huko saa hizo, hilo halimo kwenye ajenda.