Dhiki ya Nafsi na Uzito wa Mwili: Kipi Humtangulia Mwenzake?

Wapo wanaosema kwamba mtu hunenepa kwa sababu ana huzuni, na wapo wanaosema kwamba ana huzuni kwa sababu amenenepa. Kumpima mtu mara moja hakuwezi kuamua kati yao, kwa kuwa siku hiyo hali zote mbili hukutwa zimeshakaa pamoja.

Ndiyo maana tafiti zinazowafuatilia watu walewale kwa miaka mingi zina thamani ya pekee. Mwaka 2010 watafiti wa Uholanzi walichambua tafiti 15 za aina hiyo, zenye washiriki zaidi ya 58,000, wakaona kwamba unene uliokithiri uliongeza uwezekano wa kupata sonona (ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu) baadaye kwa asilimia 55, na sonona nayo iliongeza uwezekano wa unene uliokithiri kwa asilimia 58. Takwimu hizo zinakaribiana mno kiasi kwamba kila upande unaweza kudai ushindi.

Uchunguzi wa Whitehall II, ulioanza mwaka 1985 kwa watumishi wa serikali jijini London, unaelemea zaidi upande wa dhiki: waliokutwa nayo katika vipimo vitatu vya awali walikuwa na uwezekano wa takriban mara mbili wa kuwa na unene uliokithiri katika kipimo kilichofuata, wakilinganishwa na wasiokutwa nayo kamwe. Kwangu mimi, hoja nzito hapa ni kule kujirudia kwa dhiki katika vipimo vyote vitatu. Msongo wa muda mrefu huinua homoni ya kotisoli, huvuruga usingizi na kuamsha hamu ya kula, na hata baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, kama olanzapini na mitazapini, huongeza uzito. Jambo ambalo mara nyingi husahaulika lawama zinapomwangukia mgonjwa.

Hata hivyo, upande wa pili haukosi nguvu, kwani kubezwa kwa sababu ya umbo na maumivu ya viungo vinavyobeba mzigo mkubwa hutosha kumwondolea mtu furaha bila dhiki yoyote ya awali.

Kinachonitia shaka zaidi ni wastani wenyewe. Sonona huwanenepesha wengine na kuwakondesha wengine, na mabadiliko yote mawili huhesabiwa kuwa dalili zake. Aliyeongeza kilo 5 na aliyepoteza kilo 5, wakijumlishwa, huonekana katika jedwali kama watu ambao dhiki haikuwagusa.